Jaketi tulilolikalia

Boti ya mbao inayotoka Mwaloni Kirumba kwenda visiwani haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Siku ile tulianza kuisubiri ijae saa tatu asubuhi. Yakaingia magunia ya unga, kreti za soda, godoro lililobanwa kamba katikati, kuku kwenye tenga, ndipo wakafuata watu. Kijana wa boti akapita akigawa majaketi ya kujiokolea, rangi ya chungwa iliyopauka, yananuka dagaa. Kila aliyepokea lake alilikunja, akaliweka chini, akalikalia. Ubao wa boti ni mgumu na safari ni ya saa kadhaa. Nami nikalikunja langu.

Nilitaka kulivaa. Nimekulia Igogo, ziwa nikiliona kila nikitoka nje, na sijui kuogelea, jambo ambalo kwa watu wa Mwanza wala si ajabu. Sikuwa nimesahau kitu pia. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, kivuko cha kubeba watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya kule Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Mtu wa huku hafundishwi tarehe hizo, anazijua kama anavyoijua misiba ya kwao. Na bado nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona watu kama arobaini wamekalia majaketi yao, nikakalia langu.

Kilichonishinda ni kijana mmoja mwenye kofia, aliyekaa juu ya gunia mbele yangu. Hakuwa amesema neno. Mimi ndiye niliyemsemea, humu kichwani: "Mzee anaogopa maji." Nikamtilia na kicheko, nikawatilia kicheko na waliokaa naye. Boti nzima ikawa imenicheka kabla sijainua mkono. Kwa maneno mengine, nilikuwa tayari kufa maji ili nisichekwe na mtu ambaye mpaka leo jina lake silijui.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiupima ushauri unaogawiwa bure kila kona, kwenye mahubiri, kwenye semina za ujasiriamali, hadi kwenye maandishi ya nyuma ya hiace: usijali watu watasema nini. Wengine wanauvika methali, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali ni nzuri, na kwa sisi tunaolala na vyura wa ziwa hili inaleta picha kabisa. Tatizo ni kwamba ng'ombe hakopi kwa chura. Sisi tunakopa.

Nenda Mwaloni alfajiri uone biashara inavyokwenda. Mama anachukua magunia ya dagaa kwa mdomo tu, hakuna karatasi, hakuna dhamana, atalipa akiuza. Anapewa kwa sababu anaaminika, na anaaminika kwa sababu watu wamesema hivyo. Siku wakisema vingine, anarudi nyumbani na mifuko mitupu. Vijana wakitaka kuoana, wazee wanatuma mtu kimyakimya kuulizia ukoo. Mtu asiyezikana na wenzake, msiba ukimfika, majirani wanachungulia dirishani na kurudi kwenye chai yao. Maneno ya watu huku kwetu ni mtaji, tena kwa wengi wetu ndio mtaji pekee. Mwenye mshahara wa uhakika na nyumba yenye geti anaweza kusema hajali. Mpangaji wa chumba kimoja Mabatini akisema hivyo, ama anajidanganya, ama kesho anahama.

Kwa hiyo siwezi kuuita woga huu ujinga. Umewazuia wengi kula fedha za yatima, na umewarudisha mkono wengine walipotaka kupiga. Kasoro yake iko kwenye hesabu. Kijana mwenye kofia nilimwogopa kama ninavyomwogopa mtu aliyenikopesha, kana kwamba wote wawili wana kitu changu mkononi. Neno lenyewe ndilo linalotuponza. "Watu." Halina sura, halina namba ya nyumba.

Kuna siku mama yangu alinikataza jambo fulani, dogo tu, akasema watu watasema. Nikamuuliza, "Watu gani, mama?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Watu." Nikasubiri. Baada ya kimya kirefu akataja wawili. Mmoja alishahamia Kahama. Wa pili hatujasalimiana naye tangu 2011, kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Mama mwenyewe alicheka, ingawa katazo lake hakuliondoa.

Wamarekani waliwahi kulipima jambo hili kwa namna yao. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ambao ndani yake mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa pale angeona haya kuivaa, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye wenzake. Aliyeivaa alikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameiona ile picha. Walipoulizwa, walioiona walikuwa kama robo tu. Wengine walikuwa na mambo yao, na huenda kila mmoja alikuwa akiiwazia fulana yake.

Nikiwa mtu wa Mwanza nina neno juu ya utafiti huo. Chumba kile hakikuwa uwanja wa nyumba ya kupanga. Huku robo iliyoona ingewasimulia robo tatu zilizobaki kabla jua halijazama. Lakini hata tukikubali hilo, nusu ya macho tunayoyaogopa bado ni macho tuliyoyatengeneza wenyewe. Yule mwenye kofia siku ile, nilipomtazama vizuri baadaye, alikuwa amesinzia.

Jambo la pili linanigusa zaidi, na hili nalo limepimwa. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, naye huko Marekani, aliwaketisha vijana mezani na kuwaonyesha mistari kwenye kadi. Kazi ilikuwa kutaja mstari upi unalingana na mwingine, jibu la wazi hata kwa mtoto. Lakini mezani palikuwa na mgeni mmoja tu. Waliobaki walishapangwa na Asch, na kwenye raundi fulani wote wakawa wanataja jibu la uongo kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ya mgeni inafika. Katika raundi hizo, karibu theluthi moja ya majibu ya wageni yalifuata uongo. Takriban robo ya wageni hawakuyumba hata mara moja.

Wengi wanaosimulia habari hii wanaishia hapo, wanatikisa kichwa kwamba binadamu ni kondoo. Mimi navutiwa na kilichofuata. Asch alimpanga mtu mmoja, mmoja tu, ataje jibu la kweli kabla ya mgeni. Makosa yakashuka hadi kama robo ya yalivyokuwa. Wengi walikuwa wengi vilevile, meza ileile. Kilichoongezeka ni mtu wa kwanza.

Na hawa walikuwa wageni kwa wageni, hawadaiani, hawazikani. Sasa fikiria meza ambayo kila mmoja amekula pilau ya harusi ya mwenzake.

Meza hiyo naijua. Kikoba chetu kinakutana kila Jumamosi jioni nyuma ya duka la mwanachama mmoja. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana hata ufunguo mmoja. Utaratibu huu uliwekwa ili tusilazimike kuaminiana, lakini ajabu ni kwamba tunaona aibu kuutumia. Jumamosi moja mweka hazina alisoma salio, 1,412,000. Wiki iliyopita lilikuwa 1,372,000. Jioni ile tulikuwa tumenunua hisa za 80,000, na mkopo haukutoka hata mmoja. Elfu arobaini haikuwepo, na hilo halihitaji kikokotoo.

Niliiona palepale. Nikafungua simu nikajifanya nasoma ujumbe. Mweka hazina ni dada aliyepika siku tatu kwenye msiba wa baba yangu, moshi umemjaa machoni, na hakunidai hata asante. Nitaanzaje? Nikawatazama wenzangu. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu, mwingine anambembeleza mtoto aliyekuwa amelala tayari. Nikajiambia, wameridhika, labda mimi ndiye nimejumlisha vibaya.

Ndipo mama mmoja anayeuza vitenge Makoroboi akakohoa kidogo. "Samahani jamani, mimi shule yangu ndogo. Dada, hebu nisomee tena, taratibu, nifuatishe kwa vidole."

Shule yake si ndogo. Nimemwona akipiga hesabu za doti kumi na saba kwa bei tatu tofauti huku anaongea na mteja mwingine. Lakini daftari likafunguliwa upya, simu zikatoka mifukoni, na ghafla kila mtu akawa na swali. Ikaonekana 28,000 ilitoka kwenda kwenye rambirambi, ikaandikwa ukurasa wa nyuma kabisa. Elfu kumi na mbili haikuonekana, na mweka hazina akasema atailipa. Kisha akaketi, akafuta jasho kwa ncha ya khanga. "Mimi tangu Jumatano silali," akasema. "Niliogopa kuwaambia. Mngesema nimekula."

Kwa hiyo sote tulikuwa tunaogopana, na yule tuliyemwogopa kuliko wote ndiye aliyekuwa na hofu kubwa zaidi. Kimya cha mwenzako unakisoma kuwa ameridhika, naye anakisoma chako hivyohivyo, na daftari linafungwa. Vikundi vingi vya akiba vinakufa kwa kimya hiki, kisha tunakuja kusema mweka hazina alikuwa mwizi.

Angalia pia namna yule mama alivyoingia. Hakupiga meza. Alijishusha, akaomba radhi, akajitwika ujinga asiokuwa nao, na adabu hiyohiyo iliyotufunga midomo ndiyo aliyoitumia kufungua mdomo. Tumezoeshwa kudhani jasiri ni yule anayesimama na kuwaambia watu ukweli wao. Huyo namheshimu, lakini mara nyingi kikao kinavunjika na ukweli wake anabaki nao mwenyewe. Lugha yetu ina milango mingi ya pembeni: "naomba kuuliza tu", "labda mimi ndiye sikuelewa", "wazee wangu, mnisamehe". Vijana wanaiona ni woga wa kizamani. Mimi nimeona ikirudisha fedha.

Nisije nikauonea huu woga kwa kuubebesha kila kitu, maana na hilo ni kosa la waandishi. Kwenye mwalo mmoja nilimkuta mama anayeanika dagaa kwenye chanja, meza ndefu za mbao zilizotandikwa wavu, wakati majirani zake wanaanika mchangani. Dagaa wa mchangani wanasaga meno, wengi wao wanaishia kwenye chakula cha kuku, na bei yao inajulikana. Wa kwenye chanja wanapata mnunuzi bora. Nikiwa na makala yangu kichwani, nikamuuliza kama alichelewa kujenga chanja kwa kuogopa kuchekwa. Akaniangalia. "Kicheko? Walicheka siku mbili, wakasema naanikia samaki kitandani. Mbao, mwanangu. Mbao na wavu ndivyo vilivyonichelewesha miaka miwili." Nikaifunga kalamu. Kuna watu tunawahubiria ujasiri wakati wanachokosa ni hela ya mbao.

Na kuna mahali ambapo kucheka ndiyo adhabu ndogo. Usukumani bibi vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na samadi. Mjukuu anayesimama kijijini na kusema "bibi yangu si mchawi" anajua fika kwamba sentensi inayofuata inaweza kumhusu yeye. Huyo siwezi kumweleza habari za fulana ya Cornell. Macho yanayomtazama ni ya kweli, na mengine yana panga. Anachohitaji ni wenzake mapema, kabla ya usiku wenyewe: mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa dini, shemeji mwenye sauti, kituo cha polisi ambacho kimeshapewa taarifa. Akisimama peke yake, sisi tuliokaa kimya ndio tuliomsimamisha peke yake.

Huku kwetu, lakini, tuna shule nyingine ya jambo hili, tena ya zamani. Kila Juni, kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma, ngoma za Kisukuma zinashindanishwa. Pande kubwa ni mbili, Bagika na Bagalu, zilizorithi majina ya wacheza ngoma wawili wa kale, Ngika na Gumha. Kwa desturi ya mashindano haya makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna mahali maneno ya watu yana nguvu kuliko pale, maana miguu ya watazamaji ndiyo hakimu. Manju, kiongozi wa ngoma, anaimba huku anaona kwa macho yake mtu akimgeuzia mgongo, anavuka uwanja kwenda kwa mpinzani.

Hafumbi macho kuwaepuka. Hasemi hajali. Lakini pia hawakimbilii waliovuka, kwa sababu akiacha kucheza ili awabembeleze, hata waliobaki wataondoka. Anawachezea walio mbele yake, na wengine wakirudi watamkuta palepale. Nimesimama kwenye vumbi la uwanja ule mara kadhaa na kila mara huwa najiuliza jinsi watu waliokulia kwenye shule kama hii tulivyofika mahali pa kutaka kila mtu, wa upande huu na wa upande ule, atupigie makofi ndipo tuinue mguu.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, wa upande wa Sengerema wanavuka kwa magari yao na habari za majaketi wametuachia sisi tunaokwenda visiwani. Mwezi uliopita nilipanda boti tena. Magunia yakaingia, kreti zikaingia, kijana akagawa majaketi, watu wakayakunja. Nikamgeukia mzee aliyekaa ubavuni kwangu, nikamwamkia, nikasema, "Mzee wangu, naomba unisaidie kufunga hizi kamba, mimi zinanishinda." Hazinishindi. Niliiba ujanja wa mama wa vitenge. Mzee akazivuta, akapiga fundo la kivuvi ambalo baadaye nilihangaika kulifungua.

Nyuma yangu mtu akasema, "Mshua anaogopa maji ya kunywa!" Wakacheka. Niligeuka nikawahesabu, walikuwa wanne.

Tulipoiacha ghuba upepo ukaanza kuisukuma boti ubavuni, kuku wakapiga kelele kwenye tenga. Mzee akajiinua kidogo, akalichomoa jaketi lake, akalikung'uta unga, akalivaa. Kamba hakufunga.